Barua ya wazi kwa wanaosimamia kazi na jiji: Msingoje mwanamke afutwe kazi ndipo mkague

Mukuru kwa Njenga,
Nairobi.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kazi na Ulinzi wa Jamii,
Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi.

KUH: USALAMA NA HAKI ZA WANAWAKE WAFANYAKAZI JIJINI NAIROBI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima zote. Tunaoandika ni wanawake wa Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben. Wengi wetu ni vibarua katika viwanda vya Industrial Area na Baba Dogo. Wengine wanafua na kupika katika nyumba za watu Kileleshwa, South C na Eastleigh, na wengine wanauza mboga. Mimi nimekuwa mshonaji kiwandani na sasa ni katibu wa chama chetu, ndiyo sababu nimekabidhiwa kalamu.

Hatukupenda kufika hapa hadharani. Tulianza kwa supavaiza, tukaenda kwa meneja, tukaenda kwenye ofisi za serikali zinazohusika, tukaandika barua na kupewa nambari za faili. Tuliambiwa turudi, tukarudi. Siku ya kurudi ofisini ni siku isiyo na mshahara, na mtu hufika mahali akaona kwamba akiendelea kurudi, watoto watalala njaa. Ndipo tukakubaliana tuseme mbele ya watu wote.

Nianze na yaliyofanywa, maana ni mengi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inampa mwanamke nafasi sawa na mwanamume katika siasa, uchumi na maisha ya jamii. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi malipo ya haki na mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa, inatoa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, tena aitunge baada ya kushauriana na wafanyakazi wenyewe. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamwadhibu mkubwa anayemsumbua aliye chini yake kwa kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 100,000. Kuna wanawake waliopigania sheria hizi miaka mingi, na kuna waliokuwa serikalini wakazipitisha. Wote tunawashukuru kwa dhati.

Shida yetu ni moja, na yote nitakayoyataja yanatokana nayo. Sheria hizi zinangoja mwanamke ajitokeze, peke yake, amshtaki mtu anayemlipa. Akijitokeza, kazi imekwisha. Asipojitokeza, inahesabiwa kwamba hapana tatizo.

1. Malalamiko yanarudishwa mkononi mwa mlalamikaji.

Hili ndilo linalotuuma kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Mwenzetu mmoja alikuwa kibarua katika kiwanda ambacho sitakitaja. Supavaiza wa zamu ndiye aliyekuwa akiita majina getini asubuhi. Mwanamke aliyemkubali usiku aliitwa asubuhi; aliyemkataa aliambiwa kazi imejaa. Mwenzetu alikataa, na jina lake likaacha kuitwa. Akapata ujasiri ambao wengi wetu hatukuwa nao, akaenda ofisi ya leba, yaani ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Afisa alimsikiliza vizuri. Akaandika barua ya kumwita mwajiri, akaipiga muhuri, kisha akampa yeye mwenyewe aipeleke.

Waheshimiwa, hebu liangalieni jambo hili kwa makini. Mtu amekataliwa getini. Sasa anarudi kwenye geti lile lile, kwa askari yule yule, akiwa na bahasha ya serikali, kumtafuta bosi wa yule anayemtesa. Aliipeleka. Askari aliifungua na kuisoma kwa sauti, mbele ya foleni ya wanawake waliokuwa wakingoja kuitwa. Kuanzia saa ile hakuna aliyekubali kuwa shahidi wake, na sina lawama kwa yeyote kati yao, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa mwisho wa mwezi. Mwajiri hakufika siku aliyoitwa. Ikaandikwa barua ya pili, na hiyo pia akapewa mwenzetu. Hakuwa na nguvu ya kuipeleka. Baadaye tuliambiwa faili ilifungwa kwa sababu mlalamikaji hakufuatilia.

Alifuatilia hadi pale ambapo serikali ilipaswa kumpokea.

Najua mtakalosema: maafisa wa kazi ni wachache, magari hayapo, mafuta hayatoshi. Hilo tumeliona kwa macho yetu na hatulikani. Lakini wanaokagua leseni za biashara hufika kwenye viwanda hivi hivi, na hawamtumi kibarua awapelekee barua. Wito wa serikali unaweza kwenda kwa posta, kwa simu, kwa barua pepe, au kwa afisa wa utawala aliye karibu. Tena si lazima ukaguzi ungoje malalamiko. Afisa akifika kiwandani bila taarifa, akaomba sera ya unyanyasaji wa kingono ambayo sheria inaidai, akazungumza na wafanyakazi pembeni bila supavaiza kusimama mlangoni, hatajulikana aliyesema wala aliyenyamaza. Hapo ndipo tutakaposema.

2. Kibarua wa miaka mingi.

Sheria ya Ajira inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima au zaidi, ajira yake inageuka kuwa ya mkataba, na anaanza kupata haki za mfanyakazi wa kawaida. Waajiri wengi wanaijua sheria hiyo kuliko sisi. Unasimamishwa siku chache kabla ya mwezi kutimia, unakaa nyumbani kidogo, unaitwa tena. Kuna wanawake hapa waliozeeka kwenye mashine moja wakiwa vibarua.

Na hapa ndipo likizo ya uzazi inapopotelea. Sheria inakataza kabisa kumfuta mwanamke kwa sababu ya ujauzito. Lakini kibarua hafutwi, haitwi tu. Tumbo likionekana, jina linapotea kwenye orodha ya asubuhi. Hapana barua ya kufutwa, hapana tarehe, hapana sababu, na kwa hiyo hapana cha kupeleka mahakamani. Wanawake hufunga matumbo kwa leso na kubeba mizigo mizito hadi miezi ya mwisho ili wasijulikane. Nimewaona, nimefanya kazi kando yao, na wako waliopoteza mimba zao.

Mtasema ni vigumu kujua nani kibarua wa kweli na nani amefichwa. Si vigumu. Mwajiri alazimishwe kutunza daftari la kila siku la walioingia kazini, na nakala ipelekwe kwa afisa wa kazi kila mwezi. Jina linaloonekana mwezi baada ya mwezi na kukatika kidogo katikati litajieleza lenyewe.

Na kuhusu malipo: katika viwanda vingi tunavyovijua, kupakia na kuendesha mashine kubwa ni kazi za wanaume na zina nyongeza, na kuchambua, kukata nyuzi na kufunga ni kazi zetu na hazina. Ukiuliza unaambiwa kazi hizo ni nyepesi. Anayesema hivyo akasimame saa kumi na mbili mfululizo akikata nyuzi, halafu apime yeye. Kenya iliridhia mwaka 2001 Mkataba Nambari 100 wa Shirika la Kazi Duniani unaohusu malipo sawa, na mkataba huo unazungumzia thamani ya kazi. Nani aliyewahi kuja kuipima thamani ya kazi yetu?

3. Njia ya kwenda na kurudi kazini.

Kwenu kazi inaanzia getini. Kwetu inaanza saa kumi alfajiri, tukitoka vichochoroni kwa miguu kuelekea Industrial Area, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingekula sehemu kubwa ya ujira wa siku. Mama mboga anayekwenda Marikiti kununua bidhaa anatoka mapema zaidi, na pesa ya mtaji ameibana kifuani. Tunatembea makundi makundi. Anayechelewa kundi anatembea peke yake, na huyo ndiye anayevamiwa.

Mulika mwizi, zile taa za milingoti mirefu, zilipowekwa mtaani zilibadilisha maisha, hilo tutalisema popote. Lakini baadhi zimezimika na kukaa gizani muda mrefu, na tukiuliza, kila ofisi inatuelekeza kwa nyingine. Na barabara zenyewe za viwandani, ambako hakuna nyumba za watu wala maduka ya usiku, ndizo zenye giza zaidi.

Steji nayo ni hatari ya aina yake. Novemba 2014 wanawake waliandamana katikati ya jiji hili baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha matatu. Machi 2022 waendesha bodaboda walimshambulia mwanamke aliyekuwa akiendesha gari kwenye Barabara ya Wangari Maathai, nchi nzima ikatazama video ile kwa fedheha. Mara zote mbili tulisikia matamko makali. Januari 2024 wanawake walijaza barabara tena, safari hiyo kwa ajili ya wanawake waliouawa. Sisi tunaopita steji kila siku bado tunashikwa, tunatukanwa na kuvutwa mikono, na makanga anayefanya hivyo anaendelea kupakia abiria.

Mtasema barabara ni jambo la polisi, halihusu sheria za kazi. Mkataba Nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019, unasema wazi kwamba ukatili na unyanyasaji kazini ni pamoja na ule unaompata mfanyakazi akielekea kazini au akirudi. Na mwaka 2021 serikali ya Kenya ilitoa ahadi 12 mbele ya dunia za kumaliza ukatili wa kijinsia ifikapo mwaka 2026, na kuridhia mkataba huo ilikuwa mojawapo ya ahadi hizo. Kwa hiyo hatuombi jambo geni. Tunawakumbusha mlichokisema wenyewe.

4. Choo, maji na maziwa ya mtoto.

Nitakuwa mfupi hapa kwa sababu jambo hili halihitaji hoja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai vyoo vya kutosha, vya wanawake mbali na vya wanaume. Kuna mahali pa kazi ambapo ufunguo wa choo cha wanawake hukaa mfukoni mwa supavaiza mwanamume, na dakika zako zinahesabiwa. Ukiwa kwenye siku zako, unamweleza yeye.

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, na inampa mama muda wa hadi saa moja katika kila saa nane za kazi. Katika viwanda ambamo wanachama wetu wamefanya kazi, chumba hicho hatujakiona. Mama aliyejifungua juzi anakamulia maziwa yake sakafuni chooni ili kifua kisimuume, na mtoto anakunywa uji mtaani. Hakuna sababu yoyote ya kuchelewesha jambo hili. Ni chumba, kiti, mlango unaofungwa, na friji ndogo.

5. Wanawake wanaofanya kazi ndani ya nyumba za watu.

Kwa agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024, kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Wengi wa dada zetu hawajawahi kukisikia kiasi hicho, sembuse kukipokea. Wanalipwa nusu, au chini ya nusu, na sahani iliyovunjika inakatwa humo humo. Mama fua anayengoja kazi kando ya barabara Eastleigh hana bei kabisa. Anapatana mlangoni, na akimaliza kufua anaweza kupunguziwa kwa madai kwamba kola haikutakata.

Lakini mshahara si jambo kubwa kuliko yote humo ndani. Msichana analetwa na biro, yaani wakala wa ajira, kutoka kijijini, kitambulisho chake kinawekwa na mwenye nyumba, anapewa ruhusa ya kutoka Jumapili mchana peke yake. Sasa fikirieni amebakwa na mtu wa nyumba ile Jumatano usiku. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Jumapili anapofunguliwa mlango, saa hizo zimepita. Ushahidi umefuliwa. Nambari ya 1195 ya kuripoti ukatili wa kijinsia ni ya bure, na imewasaidia wengi, ila kwake simu yenyewe imefungiwa kabatini.

Tunajua jibu: nyumba ya mtu ni faragha yake, serikali haiwezi kugonga kila mlango. Hatuwaombi mgonge kila mlango. Tunaomba mabiro yote yanayoajiri wasichana hawa yasajiliwe na kukaguliwa, yatunze rekodi ya kila msichana na nyumba aliyopelekwa, na yawajibike kumtembelea. Tunaomba mkataba wa maandishi, kwa Kiswahili, wenye sentensi moja inayokataza mwajiri kushika kitambulisho na simu ya mfanyakazi. Na ofisi za kazi zifunguliwe Jumapili. Mtu ambaye siku yake pekee ni Jumapili hawezi kulalamika katika ofisi inayofungwa Ijumaa jioni.

6. Watoto wetu tukiwa kazini.

Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Lakini sisi bado tunawaacha watoto katika vyumba vya mabati, mlezi mmoja na watoto wengi kupita uwezo wake, kwa malipo ya siku. Walezi hao ni wanawake maskini kama sisi na wengi wanajitahidi. Hawahitaji kufungiwa. Wanahitaji mafunzo, maji, na afisa wa afya wa kuwatembelea.

Kuna kisingizio kimoja kikubwa ambacho tumekiacha mwisho makusudi: kwamba mkibana waajiri, wawekezaji wataondoka na tutabaki bila kazi hata hizo tulizonazo. Tumekisikia kwa meneja, tumekisikia kwa wanasiasa, na wakati mwingine tumekisikia kwa waume zetu. Sisi ndio tutakaoumia kiwanda kikifungwa, kwa hiyo tumelifikiria zaidi ya wanaotuonya. Tunawajua waajiri wanaofuata sheria hapa hapa Industrial Area. Wanalipa mashine ile ile, umeme ule ule, na wanashindana na jirani yao anayeokoa pesa kwa kutunyima likizo ya uzazi. Kutokagua ni kumwadhibu mwajiri mwema. Na kufunga choo kwa ufunguo hakumwongezei mwekezaji faida ya hata shilingi moja.

Januari 2025 Rais aliteua kikundi kazi cha watu 42, chini ya Dkt. Nancy Baraza, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, kuchunguza ukatili wa kijinsia na mauaji ya wanawake. Ni hatua njema. Ombi letu ni kwamba mahali pa kazi, njia ya kwenda kazini na nyumba za waajiri visiachwe nje ya hatua zitakazochukuliwa, kwa sababu huko ndiko tunakokaa saa nyingi za maisha yetu.

Kwa Mheshimiwa Waziri tunaomba mambo haya. Toa agizo, leo ikiwezekana, kwamba hakuna mlalamikaji atakayepewa barua ya wito ampelekee mwajiri wake. Agizo hilo halihitaji bajeti wala Bunge. Kisha weka ratiba ya ukaguzi wa ghafla Industrial Area, Baba Dogo na Ruaraka, ukiwa na maafisa wanawake, na matokeo yatangazwe kwa jina la kila kiwanda. Faili za unyanyasaji wa kingono zisifungwe kwa sababu mlalamikaji ameacha kufika. Afisa amtafute kwanza ajue kilichomzuia. Daftari la vibarua na usajili wa mabiro viwekewe kanuni na tarehe ya kuanza.

Kwa Mheshimiwa Gavana tunaomba taa za njia zinazotoka Mukuru kwenda viwandani, na zile za kuzunguka Marikiti na Muthurwa, zikaguliwe na kuwashwa, na itangazwe ni ofisi gani moja inayopokea taarifa taa ikizimika. Tunaomba sheria ya vituo vya kulelea watoto itengewe pesa. Na chama cha matatu ambacho makanga wake wanawashika wanawake kikose nafasi ya kupakia jijini hadi wahusika wakabidhiwe kwa polisi.

Tunaomba jibu la maandishi, nalo litolewe hadharani kama barua hii. Pia tunawaalika, ninyi wenyewe au maafisa wenye mamlaka ya kuamua, mje kutusikiliza Mukuru. Njooni Jumapili alasiri, baada ya saa nane, maana siku nyingine wengi wetu watakuwa kazini, na tusingependa mtu apoteze kibarua kwa sababu ya mkutano huo. Tafadhali msije na waajiri wetu, wala kamera. Wako wanawake watakaozungumza ikiwa tu nyuso zao hazitaonekana, na tumewaahidi hivyo.

Wenu kwa heshima,

Katibu,
kwa niaba ya wanawake wafanyakazi wa Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben.

Nakala kwa:
Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa
Wabunge na Wawakilishi wa Wadi wa Nairobi